Shea ya mzee ya 1974: niliyojifunza nikifuata hati kwenye shamba la zamani la mkonge

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila nikikaa na watu wa rika langu huku Ruiru na Juja nasikia hadithi ile ile. Mzee alinunua shea kwa kampuni ya ardhi miaka ya sabini, mzee akafariki, hati haikuwahi kutoka, na sasa watoto hawajui waanzie wapi. Yetu imetoka. Imekula miaka na pesa, na kuna wakati karibu ivunje familia, ila imetoka. Na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia mapema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ya historia: lazima ujue shamba lilikuwa la nani, lilikuwa la kulima nini, lilikatwa lini, na nani alishika kalamu siku ya kukata. Ukiingia ofisini na hayo kichwani wanakujibu. Ukiingia bila hayo unaambiwa kuja Jumatano, na Jumatano unaambiwa kuja Ijumaa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Murang'a. 1974 alilipa shilingi 1,000 kidogo kidogo, shea moja kwa kampuni iliyokuwa inanunua shamba la mkonge la mzungu mmoja huku upande wa Thika Road. Shea moja ilikuwa inakupa ekari moja na robo ya kulima pamoja na ploti ndogo ya biashara pale walikuwa wanasema patakuwa senta. Alichotuachia ni cheti cha shea, risiti kama tano hivi, na kikaratasi cha kura chenye nambari, vyote ndani ya bahasha ya khaki ya mitihani. Mimi kazi yangu ni kuweka vitabu vya sacco kwa hivyo ndugu zangu wakaamua mimi ndo nijue makaratasi, wao watachanga. (Kuchanga kwenyewe ni hadithi nyingine, wacha niiache.)

Loya wa kwanza niliyemwona hata hakuangalia cheti sana. Aliuliza tu, hati mama iko wapi na iko kwa jina la nani? Nikabaki namwangalia. Cheti cha shea kinakwambia baba yako alikuwa mwanachama wa kampuni, basi. Ardhi yenyewe ni shamba moja kubwa lenye hati yake moja, na kama hiyo hati bado iko nzima kwa jina la kampuni, au iko benki, au imeshafungwa ikazaa hati ndogo ndogo, hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina njia yake. Kwa hivyo usianze na ploti. Anza na shamba.

Ndo nikaanza kusoma. Mashamba haya makubwa yanayozunguka Nairobi yalitoka kwa sheria mbili za wakoloni, ile ya ardhi ya taji ya 1902 iliyokuwa inawapa walowezi kukodisha kwa miaka 99, halafu ile ya 1915 ikawaongezea mpaka miaka 999, yaani mtu anakodishiwa ardhi ya watu wengine mpaka vitukuu vya vitukuu vyake. Ardhi ya Wakikuyu na Wamaasai ikapigwa mistari kwenye ramani ikawa shamba nambari fulani. Hapo Juja mmarekani McMillan alikuwa na maelfu ya ekari, na rais wao mstaafu Roosevelt alifikia kwake 1909 akiwa kwa mambo ya uwindaji. Ukipita leo ni hosteli za wanafunzi na maduka ya fotokopi.

Na ile nambari ya shamba bado inaishi. Kwenye rekodi za zamani shamba letu lina nambari ya L.R., yaani Land Reference, na hiyo nambari ndo ufunguo, si jina la mzungu, si jina la kampuni. Majina yanabadilika na yanaandikwa vibaya. Nambari inakupeleka kwa plani ya upimaji, kwa matangazo ya zamani ya gazeti rasmi la serikali, ambalo lilianza 1899 na matoleo mengi ya zamani unayapata bure kwa intaneti ukiwa na subira, na kwa ramani kule Survey of Kenya pale Ruaraka. Mimi nilipata nambari yetu kwa bahati, ilikuwa imeandikwa kwa penseli nyuma ya risiti moja ya baba. Yeye mwenyewe ndo aliandika, mwalimu ni mwalimu.

Sasa wacha niseme kitu kuhusu Karen, ule mtaa wa Nairobi, kwa sababu huwezi kuelewa shida yetu bila kuangalia vile wengine walikata zao. Karen lilikuwa shamba la kahawa lililofilisika. Karen Coffee Company ilikuwa na kama ekari 6,000 chini ya milima ya Ngong, Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, akiisimamia, lakini pale pako juu sana kwa kahawa, halafu bei ya dunia ikaanguka, na 1931 shamba likauzwa. Aliyenunua, Remy Martin, hakutaka kahawa hata kidogo. Alikata ploti za ekari 20 akauzia wazungu waliotaka kukaa mashambani na bado wafike kazini mjini. Nyumba ya Blixen ndo ile makumbusho tangu 1986. Angalia vile ilivyofanyika: mwenye shamba ni mmoja, anachora barabara kwanza, anakata, anauza, mnunuzi anapata hati yake, kila mtu anaenda nyumbani. Ni kazi safi, ila safi kwa nani? Mitaa ya wazungu ilikuwa inalindwa na masharti ya rangi ndani ya makaratasi yenyewe ya ardhi. Kuna kesi ya ploti za Mombasa, ya Kaderbhai, ilifika mpaka Privy Council, korti ya mwisho ya rufaa za makoloni, kule London na ikaamuliwa mwaka huo huo wa 1931. Serikali ilikuwa inanadi ploti na kusema wazungu peke yao ndo wanunue, na majaji wakasema serikali inaruhusiwa kufanya hivyo. Kwa hivyo mtu akikwambia mitaa ya zamani ilipangwa vizuri kuliko yetu, ni kweli, na ilipangwa vizuri pia nani asiingie.

Yetu ilikatwa na watu mia kadhaa kwa pamoja. Baada ya uhuru 1963 walowezi wengi walikuwa wanauza, na mkonge haukuwa na pesa tena kwa sababu kamba za plastiki ziliingia sokoni miaka ya sitini na bei ikaporomoka. Lakini shamba la maelfu ya ekari linauzwa zima, huwezi kumwambia mzungu akupimie ekari moja. Mwalimu, karani, mama wa sokoni, hakuna aliyekuwa na hizo pesa peke yake wala benki ya kumsikiliza, kwa hivyo wakaunda kampuni wakachanga. Mimi nawavulia kofia, ukweli. Walinunua kwa shilingi zao kile ambacho babu zao walichukuliwa bure. Shida ilikuja baadaye, kwa kukata.

Kuna sheria ya 1967 ya kudhibiti ardhi ya kilimo ambayo bado inatumika mpaka leo, inasema huwezi kuuza wala kugawa ardhi ya kilimo bila ruhusa ya bodi ya ardhi. Maana yake kampuni zilikuwa zinaendesha shamba kama shamba kwanza, huku wanachama wanangoja. Wengine wakachoka wakajenga tu. Miaka ya themanini Rais Moi akaamuru kampuni za ardhi zigawie watu mashamba, zitoe hati, zifungwe. Nyingine zilitii. Nyingine bado ziko na ofisi saa hii, na wale madairekta wa leo hawakuwa wamezaliwa shamba likinunuliwa.

Kura yenyewe Mama ananisimulia kama jana. Ilipigwa ndani ya banda la mashine ya kuchuna mkonge, vikaratasi viko ndani ya debe la mafuta ya kupikia, mwanachama anaingiza mkono, anatoa nambari, karani anaandika kwenye kitabu, mwanachama anaweka kidole gumba kwa wino. Ambaye hakuwa amelipa pesa ya saveya hakuligusa debe. Baba siku hiyo alikuwa anasimamia mtihani, hakuweza kutoka, akamtuma mdogo wake. Baba mdogo akachukua nambari, akaweka kidole chake. Ni jambo dogo kabisa na lilitutesa kuliko kitu kingine chote, nitafika hapo.

Kwanza ofisi ya kampuni. Sitataja kampuni, na haina haja, ukisoma utadhani ni yako. Walikuwa makundi mawili ya madairekta, ofisi mbili, stempu mbili, kila kundi linasema lile lingine ni la wezi. Ofisi ya kwanza ilitaka elfu thelathini ya kile waliita kufufua faili. Tulilipa, risiti wakatoa ya mkono bila nambari. Ofisi ya pili ikasema hiyo risiti si kitu. Hapo ndo nikajua kuna karatasi inaitwa CR12 kutoka kwa msajili wa kampuni, unaiomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, inakuonyesha madairekta halali ni akina nani kwa rekodi za serikali. Gharama yake ni kidogo. Itafute KABLA ya kumpa mtu yeyote wa kampuni hata mia, na uliza pia kama kuna kesi kortini kati yao, maana kukiwa na amri ya korti hakuna hati itatoka kwa mlango wowote ule na watakula pesa yako huku wakijua.

Halafu rejista. Nikaonyeshwa kitabu kile cha kura chenyewe, kikubwa, kurasa zimelainika kwenye pembe. Nambari yetu ipo. Jina la baba limeandikwa kwa wino wa buluu, limepigwa mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, juu yake jina la mtu nisiyemjua. Kando hakuna tarehe, hakuna sahihi. Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi nikalia, sitadanganya. Kazi yangu ni vitabu, najua mstari mwekundu bila sahihi ni nini.

Kilichotuokoa ni karatasi ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Shamba likishagawanywa na saveya, kampuni inapeleka kwa msajili wa ardhi orodha ya nani amepata namba gani, watu wa ofisi wanaiita area list. Hiyo inakaa serikalini, nje ya mikono ya madairekta. Yetu ilikuwa imepelekwa miaka mingi nyuma, kabla ya huyo mstari mwekundu, na jina la baba lilikuwa pale safi. Kwa hivyo kama uko kwa hali kama yangu usipoteze nguvu zako zote ukigombana na ofisi ya kampuni. Nenda kwa msajili wa ardhi wa hiyo wilaya, uliza kama mgawanyo ulisajiliwa, omba kuona hiyo orodha, omba nakala iliyothibitishwa. Na kama una sababu ya kuogopa, weka zuio kwa hiyo namba, ile wanaita kosheni, ili hakuna kitu kiandikwe juu yake bila wewe kuambiwa. Sisi tuliweka wiki hiyo hiyo. Yule mtu wa jina jekundu alikuja baadaye na cheti kutoka ofisi ile nyingine, kumbe na yeye alikuwa ameuziwa na broka, mtu wa watu, mstaafu wa jeshi. Alipoteza. Nilimhurumia na bado namhurumia, lakini hakuwa amefanya hata sachi moja, yaani kuangalia rekodi kwa msajili wa ardhi.

Baada ya makaratasi tukaenda kutafuta ploti yenyewe chini, na hapa ndo historia ya shamba inakuwa pesa kabisa. Ukiwa na ramani ya zamani ya 1:50,000 unaona maandishi mkonge hapa, kahawa pale, mabwawa ya shamba, njia za shamba. Mimi niliinunua Ruaraka nikawa natembea nayo kama kichaa. Barabara kuu ya mtaa wetu ina kona moja ya ajabu isiyo na sababu, na sababu ni kwamba ilikuwa njia ya kubebea mkonge na ilikuwa inazunguka bwawa. Bwawa lilikauka, likapimwa, likawa ploti. Waliojengea pale kila mvua ya Aprili wanachota maji sebuleni.

Na udongo. Kahawa ilipandwa kwa udongo mwekundu wa Kiambu, mkonge na ng'ombe walipewa ule mweusi unaonata, unaovimba ukinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kwa hivyo ukiambiwa ploti iko kwa shamba la zamani la mkonge, anza kuhesabu pesa ya msingi, maana lazima huo udongo utolewe mpaka ufikie pagumu, halafu ujaze mawe na maramu. Fundi wetu alichimba futi tano kabla ya kupata mwamba. Jirani aliyejenga juu juu, ukuta wake una ufa mkono unaingia. Ploti ya shamba la kahawa ni ghali kununua lakini msingi wake ni rahisi, hiyo hesabu broka hatakupigia.

Aliyetuonyesha mipaka ni mzee mmoja wa asili ya Kakamega aliyekuwa mkata mkonge tangu kijana, bado anakaa pale pale palipokuwa laini za wafanyakazi. Alitembea polepole na fimbo, akasimama kwa mgrevilia mmoja mkubwa akasema, "Binti, hapa ndo shamba lilikuwa linaisha, ng'ambo ni ya mzungu mwingine. Huu mti nilimwagilia mimi." Bikoni, ile alama ya mpaka, ilikuwa hatua chache kutoka hapo, chuma kwenye zege, imefunikwa na udongo kabisa, na saveya wetu na mashine yake alikuwa ameshatafuta asubuhi nzima upande mwingine. Huyo mzee hakuwahi kupata shea. Hakuna mtu wa laini aliyepata, walikuwa wameishi pale kuliko mwanachama yeyote, na kampuni iliponunua wengi waliambiwa waondoke. Wachache wakabaki kwa kipande ambacho mpaka leo hakina hati. Sina jibu la hilo. Najua tu kwamba ukinunua karibu na laini za zamani uliza nani anakaa pale na tangu lini, kwa haki na pia kwa usalama wako.

Kuhusu mipaka elewa hili: ile ramani ya ofisi ya ardhi inayoonyesha ploti zenu, kwa mashamba mengi inaonyesha mpaka kwa makadirio tu, si kwa inchi. Mkigombana na jirani msikimbilie korti. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inasema korti haisikii kesi ya mpaka mpaka msajili wa ardhi awe ameamua kwanza. Jirani yetu mmoja alimlipa loya akapeleka kesi, ikatupwa, akarudi kuanza kwa msajili kama wengine.

Sasa baba mdogo. Tulipoanza mirathi akatokea, yeye na wanawe, wanasema aliyepiga kura ni yeye, kidole ni chake, kwa hivyo ploti ni yake. Na kwa kitabu kidole ni chake kweli! Mama alimjibu mbele ya watu, "Shemeji, wewe ulitumwa na nauli nilikupa mimi." Kilichosema ukweli ni zile risiti, zote kwa jina la baba, na cheti cha shea. Loya akatuambia tutashinda lakini itachukua miaka. Tukakaa kikao kwa Mama, chai ikapoa, tukaamua tumpe ile ploti ndogo ya biashara aache ekari. Kaka yangu mkubwa mpaka leo anasema tulitapeliwa na damu yetu. Mimi naona tulinunua amani kwa bei ya kati, kwa sababu kesi ya ndugu kwa ndugu hukula ploti yote.

Mirathi yenyewe si ngumu, ni ndefu. Barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na ninasema WOTE, hata dada walioolewa, hata yule mtoto wa nje mnayejifanya hamumjui, kwa sababu akitokea baadaye anaweza kwenda korti ikafuta kila kitu. Halafu fomu za korti, P&A 80 na P&A 5, ile ya pili ndo mnaorodhesha mali na madeni, na muiandike ile ardhi kwa namba yake. Inatangazwa kwa gazeti la serikali, siku 30 za mtu kupinga. Mkipewa barua ya usimamizi si mwisho, mnangoja miezi sita ndo muombe ithibitishwe, hapo ndo mgao unaandikwa rasmi. Loya alitutoza 80,000, tukaongeza nakala, nauli, na siku za kazi nilizopoteza ambazo hakuna aliyenilipa.

Kitu kimoja kilitushangaza. Ardhi ikipita kwa mrithi kwa mirathi haihitaji ruhusa ya bodi ya ardhi, lakini mkitaka kuigawa iwe hati mbili au zaidi, hapo inahitaji. Na ukiuziana ardhi ya kilimo, ombi la ruhusa lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, la sivyo makubaliano yanakuwa hewa. Watu wangapi wamelipa pesa yote, wakapewa karatasi ya loya, wakakaa wakingoja? Bodi hawakufika, na ardhi si yao.

Kisha tukagawa wenyewe, watoto wanne na Mama, na hapa niliona kwa macho yangu vile mtaa unaharibika. Mpangaji wa mji alikuja na mchoro, barabara ya mita 9 katikati. Kila mtu akaanza kuvuta. Kwa nini tisa, si sita inatosha, hata gari ni moja tu. Kaka wa pili akasema barabara itoke kwa upande wa wengine. Saa hiyo nikaona wale wanachama wa 1974 mbele yangu, mia kadhaa, kila mmoja hataki futi ya shea yake iende kwa barabara, na ndo sababu leo lori la maji haliwezi kugeuka kwa mtaa wetu na likiingia linatoka kinyumenyume. Niligoma kusaini mpaka mita 9 ikabaki. Walinuna. Saa hii kila ploti ya zile tano ina thamani zaidi ya za jirani zilizo na kichochoro, wamenyamaza.

Na ukinunua kwa mtu aliyekata, pima mwenyewe. Wanakuuzia hamsini kwa mia wakisema ni moja ya nane ya ekari. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, moja ya nane ya ekari ni 5,445. Hizo 445 zimeenda kwa barabara au kwa mfuko wa mtu, na mara nyingi ni mfuko. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, broka wengi wanakutajia ile ya 2 hata pale manispaa imeshafika.

Kwa nini haya yote yanaharakishwa saa hii, sababu ziko wazi. Mkataba wa kahawa wa dunia uliokuwa unashikilia bei uliporomoka 1989, uzalishaji wetu ukashuka kutoka karibu tani 130,000 kwa mwaka wakati huo mpaka chini ya nusu, wenye mashamba Kiambu wakaona ploti inalipa kuliko mbuni. Barabara ya Thika ilipomalizika 2012 bei ikapaa. Sasa mashamba ya kahawa yanageuzwa miji mizima yenye ukuta. Angalau hao wanachora barabara kwanza.

Hati zetu zilitoka, tano. Kaka wa pili ameuza yake, zinajengwa flati. Mimi nimejenga nyumba ndogo, kisima tumechimba pamoja. Kilichobaki ni kitu niliona kwa plani ya mgawanyo nikitafuta namba yetu: kuna kipande cha ekari nne kilichoandikwa shule, na kingine cha zahanati. Cha zahanati kiko, kina nyasi na mbuzi. Cha shule kina flati za ghorofa sita na geti la chuma. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza vile ardhi ya umma ilivyoliwa nchi nzima, kwa hivyo sikushangaa, ila hasira nilipata. Tumeunda kikundi cha wakazi, tumepata nakala zilizothibitishwa, na tunaandikia tume ya ardhi ya taifa. Kwanza tunazungushia cha zahanati waya, hicho hakijaenda bado. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mwenye plani ya zamani, cheti cha shea au risiti ya kampuni ameambiwa aje nayo, hata kama imeliwa na panya.